Nyumba ya Siku Moja

Baba yangu alikuwa mtu wa kugonga kiatu sakafuni kabla ya kukivaa. Tuliishi Kisumu, katika nyumba za wafanyakazi, ambako sijawahi kusikia mtu ameumwa na nge, lakini kila asubuhi kiatu kiligongwa, kikachunguliwa ndani, ndipo mguu ukaingia. Maji ya kunywa yalichemshwa na kuchujwa kwa kitambaa cheupe, na mtu akisahau kuyafunika yalirudishwa jikoni yakachemshwa upya. Mafuta ya taa na kiberiti havikuruhusiwa kukaa chumba kimoja. Tukienda Dunga kununua samaki aliwafunua mashavu mmoja mmoja kuangalia kama ndani bado ni kwekundu, mpaka akina mama wauzaji wakamwuliza, "Mzee, wewe unanunua samaki ama unaposa?" Alicheka nao na kuendelea kufunua.

Mimi ni binti yake wa kwanza, na subira yake haikunipitia hata kwa mbali. Nilichukua hasira za mama. Siku nyingi nilitamani kumpokonya kile kiatu na kukitupa nje. Lakini kila tulipomcheka baba, mambo yalimpa haki. Mwaka ambao kipindupindu kilipita mtaani kwetu, watu walibebwa kwa mikokoteni kupelekwa hospitali, na wengine hawakurudi. Nyumbani kwetu hakuna aliyeumwa hata tumbo. Jirani mmoja alikuja kumwomba mama amwonyeshe kile kitambaa cheupe. Mama alimwonyesha, naye akakishikashika kana kwamba kina dawa ndani.

Halafu kulikuwa na habari ya mashua. Shangazi yake mama alifariki ng'ambo ya ghuba, upande wa kusini, ambako ndiko asili yetu sote. Kwa barabara ilikuwa safari ndefu ya kuzunguka. Kwa maji ilikuwa karibu. Tulishuka Dunga mchana, mimi, baba na mama, tukiwa na nguo za matanga, tukakuta mashua imejaa watu, magunia ya mahindi, na mbuzi wawili watatu waliofungwa miguu. Ubao wa juu ulikuwa umekaribia maji.

"Panda, omera, ndugu yangu, nafasi iko," mwenye mashua alimwambia baba.

"Hiyo nafasi naona iko ndani ya maji," baba akajibu.

Mama alikuwa tayari ameshika viatu mkononi. "Baba watoto, watu wote wamepanda. Ni sisi tu tunaogopa?"

"Tutaenda kesho na gari."

"Kesho watakuwa wamemzika!"

"Basi tutapata kaburi. Kaburi haiendi mahali."

Ndani ya mashua kulikuwa na mama mmoja tuliyemfahamu kanisani. Alimnyooshea mama mkono ili amvute apande, na mama aliushika, kisha baba akamshika mama bega. Walivutana hivyo kwa muda mfupi mbele ya watu wote. Mama aliuachia mkono ule. Tulirudi mjini, na mimi nilimchukia baba njia nzima kwa aibu aliyotutia.

Jioni ile habari zilifika kwamba mashua imepinduka katikati ya ghuba. Yule mama wa kanisani alipatikana siku iliyofuata. Nakumbuka mama aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akautazama mkono wake wa kulia. Baba hakusema, "Niliwaambia." Alichemsha chai, akammiminia, akakaa naye palepale chini. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye nyumbani. Ungebishana vipi na mtu ambaye unapumua kwa sababu yake?

Nimeeleza haya yote ili nisije nikaonekana namsengenya. Tahadhari ya baba ilituokoa, na nitasema hivyo popote. Lakini kuna jambo moja ambalo mama alilitaka maisha yake yote, na tahadhari hiyohiyo ikalikalia. Mama alitaka nyumba.

Si nyumba ya mjini. Kwetu, mwanamume huoa akiwa bado katika kibanda chake cha ujana, ndani ya boma la baba yake. Akishapata watoto huhamia kiwanja chake na kuanzisha boma lake mwenyewe, ambalo tunaliita dala. Wala hahami kimyakimya. Hutoka alfajiri pamoja na baba yake au ndugu wa baba yake, jogoo mkononi, mwanawe wa kwanza wa kiume na shoka begani, mke na moto. Nyumba husimamishwa siku hiyohiyo, kuanzia nguzo mpaka paa, na mume na mke hulala humo siku hiyo. Isipokamilika ni mkosi. Na mdogo hamtangulii kaka yake. Mwanamke ambaye hajahamishwa namna hiyo anaweza kuishi Milimani, kwenye nyumba yenye bustani na mlinzi langoni. Akirudi kwa wakwe zake bado ni mgeni.

Kibanda cha baba kililiwa na mchwa kikaanguka nikiwa shule ya msingi. Baada ya hapo, tulipokwenda nyumbani Krismasi, baba alilala kwa binamu yake, na mama akalala nasi jikoni kwa nyanya. Wake wa ndugu zake baba walimpokea kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomchoma. Walimpa kiti kizuri. Walimkataza kuosha vyombo. "Wewe keti tu, mgeni wetu," walimwambia, naye aliketi akitabasamu, huku mimi nikiona mshipa wa shingo yake ukicheza.

Mwanzoni tulimngoja kaka yake baba, ambaye alikuwa akifanya kazi Mombasa na kwao alikuja kwa nadra. Hapo baba hakuwa na hiari. Kumtangulia kaka ni kujitafutia chira, yaani laana inayomkondesha mtu aliyevunja miiko mpaka afe. Baba alikuwa mzee wa kanisa na aliniambia wazi kwamba haamini chira. "Lakini kama iko?" aliniuliza. Hatimaye baba mkubwa alistaafu, akarudi, akajenga. Siku tuliyopata habari hiyo mama alichinja kuku wake aliyekuwa akitaga, akaimba jikoni, kana kwamba sherehe ilikuwa yake.

"Sasa?" alimwuliza baba mezani.

"Sasa tujipange," baba akasema.

Kujipanga kwa baba! Alianza kwa nguzo. Alikuwa mtunza stoo wa vipuri, kwa hiyo oili chafu ya magari aliipata kwa urahisi, na kila nguzo aliyonunua aliilowesha oili ili mchwa wasiiguse, kisha akaiweka nyuma ya nyumba yetu ikauke kivulini. Kukauka kulitaka msimu mzima. Halafu yakafuata mabati, kwa sababu nyasi hushika moto na kuficha nyoka. Wazee walimwambia kwa upole kwamba si hivyo inavyofanywa. Simamisha kibanda cha udongo na nyasi, wakasema, mlale humo, mila itimie, kisha ujenge kasri lako taratibu upendavyo. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho na kutikisa kichwa. Nyumba ya siku moja huanguka siku moja, alisema. Na nani atalaza watoto kwenye udongo mbichi?

Huwezi kuamini, lakini hata hapo alikuwa sahihi. Binamu yake, yuleyule aliyekuwa akimlaza, alihamia kiwanja chake kwa haraka mwanzoni mwa mvua. Kuta hazikuwahi kukauka, na mtoto wake mchanga akapata nimonia akafa. Baba alirudi kutoka kwenye mazishi yale akamtazama mama, na mama akainamisha macho. Ilibidi tungoje kiangazi. Kiangazi kilipokuja, ulikuwa mwaka wa uchaguzi, barabara zina vizuizi na watu wanafukuzwa mashambani kwao sehemu nyingine za nchi. Huo nao haukuwa wakati wa kuanzisha boma. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Kama angekuwa mvivu au mlevi, mama angempigia kelele, nasi tungemsaidia kupiga.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," mama alimwambia.

"Na haraka haraka?" baba alimjibu.

Walirushiana methali hivyo miaka mingi, bila ugomvi, karibu kwa mapenzi, na kiwanja kikabaki malisho ya ng'ombe wa baba mkubwa. Kilikuwa juu ya kilima kidogo, na kutoka pale uliliona ziwa lote mpaka Kisumu. Mama alikuwa na mazoea ya kwenda kusimama pale kila tulipokuwa nyumbani. Alirudi amebeba kuni, ili isemekane alikwenda kutafuta kuni.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, baba aliniandikia kwamba mambo yote yako tayari. Nguzo zimekauka, mabati yametosha, kaka yake amekubali kuongozana naye, na mdogo wangu wa kiume sasa ana nguvu za kubeba shoka. Watahama baada ya mavuno. Mama alinunua sahani mpya za kauri akazificha chini ya kitanda zikiwa bado na majani yake ya kufungia. Nilipokuja likizo alinionyesha moja tu, akairudisha.

Mvua za masika hazikuwa zimekwisha baba alipopata homa. Watu wa kwetu huvumilia homa kwa siku kadhaa, hununua vidonge dukani, hunywa mwarobaini. Baba alikwenda hospitali siku ileile, kwa miguu yake, na chupa ya maji yaliyochemshwa kwapani. Alimeza kila alichopewa kwa saa aliyoambiwa. Alimkataza mama kumletea chakula cha nje. Sikumwona akifanya kosa hata moja, nami nilikuwa nikimtazama kwa jicho la mtu anayetafuta kosa. Alikufa kabla juma halijaisha. Daktari alisema moyo, mwuguzi akasema malaria iliyopanda kichwani. Mimi nilitaka kumshika mtu shati nimwulize, huyu alikuwa amebakiza tahadhari gani? Hakukuwa na mtu wa kumshika.

Baba mkubwa alivuka ghuba akaja. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na alilia kwanza kabla ya kusema lililomleta.

"Mke wetu," alimwambia mama, "mtu mzima haiwezi kufika nyumbani kama hana nyumba. Tutamweka wapi? Lazima tusimamishe kitu haraka, ndani ya boma ya mzee."

"Na kiwanja chake?" mama akauliza. "Kwa nini msijenge pale? Kila kitu iko."

Baba mkubwa alipangusa macho. "Pale hapana, Mama. Hiyo imepita. Maiti haihami."

Basi mabati ya baba yalipakiwa lorini pamoja na nguzo zake. Tulipofika, vijana wa ukoo walikuwa wameshachimba mashimo. Nguzo zilikuwa ndefu mno kwa kibanda walichokusudia, wakazikata kwa mapanga. Udongo ulikandwa, kuta zikakandikwa, mabati yakagongomewa huku mengine yakikaa upande. Walifanya kazi kwa haraka na kwa wema, wakiitana, wakicheka kidogo kama watu wanavyocheka penye kazi ya wengi, na kabla jua halijatua nyumba ilikuwa imesimama. Niliketi chini ya upenu wa jiko la nyanya nikiwatazama. Kila kitu baba alichokiogopa kilikuwa mbele yangu: udongo mbichi, nguzo zisizonyooka, kazi ya mchana mmoja. Nilisikia uchungu ambao sijui niuite nini. Nilitaka wasimame, na nilitaka wamalize.

Jeneza liliingizwa humo. Mama naye aliingia, kwa maana mjane hukaa katika nyumba ya mumewe siku zote za matanga. Kuta zilikuwa bado zinatoa maji. Alikaa humo juu ya mkeka, akikohoa, akiwapokea waombolezaji, na wale wake wa ndugu wakapiga magoti mlangoni kabla ya kuingia. Hakuna aliyemwita mgeni.

Baada ya mazishi wazee walikaa na mama. Niliruhusiwa kuwapo kwa kuwa nilikuwa mkubwa wa watoto na nilikuwa nimesoma. Baba mkubwa alieleza taratibu, bila kumkaripia. Kiwanja kipo, na hakuna atakayekigusa. Lakini mjane hawezi kuingia peke yake. Lazima pawe na mwanamume wa ukoo atakayemrithi, aingie naye, ajenge kwa niaba ya marehemu. Alikuwapo mmoja aliyekubali, yule binamu aliyekuwa akimpa baba mahali pa kulala, mtu mchangamfu, fundi wa mbao, mwenye mkono wa kutoa. Mkewe alikuwa amefariki baada ya kukonda muda mrefu. Yeye mwenyewe aliketi pale kati ya wazee, na shati lilikuwa limeanza kumpwaya shingoni.

Ilikuwa miaka ile ya ugonjwa. Kila Jumamosi palikuwa na mazishi, na ugonjwa wenyewe haukutajwa. Ilisemwa chira, ilisemwa kifua, ilisemwa amerogwa. Sote mle ndani tuliiona ile shingo.

Mama alisema hapana. Alisema kwa adabu, kwa njia ya kanisa, kwamba ameamua kukaa na Mungu wake na watoto wake. Mimi nilijua si kanisa peke yake. Alikuwa amempima yule shemeji kama baba alivyopima mashua, na akaiachia ile nafasi. Nilimwonea fahari. Nilimwonea pia huruma, kwa kuwa nilijua alichokuwa akikisukuma mbali na mikono yake mwenyewe.

"Basi ngoja kidogo, Mama," baba mkubwa alisema, akitaka kumfariji. "Fikiri pole pole. Kungoja si mbaya."

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani, mpaka wanawake waliokuwa nje wakaja kumshika wakidhani huzuni imempanda kichwani.

Tulihama nyumba ya wafanyakazi, tukapanga chumba kimoja ng'ambo ya pili ya mji. Masika yaliyofuata kile kibanda kiliinama, na yaliyofuata tena kikaanguka. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa, nafundisha. Nilikwenda kijijini na fundi wa kutoka Kisumu ili akisimamishe upya, nikijiona mtu. Fundi alisikia habari za mama kutorithiwa, akafunga msumeno wake, akaniomba nauli ya kurudi. Wa kijijini hakuna aliyekubali hata kuja kutazama. Mtu anayependa watoto wake haigusi nyumba ya mjane asiyerithiwa, kwa kuogopa chira. Nilimlilia baba mkubwa, nikakaribia kumtukana, naye akanivumilia. "Nyathina, mwanangu, mimi nimefanya mambo haya kuwa hivi?" aliniuliza. Hakuwa amefanya. Nilirudi mjini na simenti sikununua.

Yule binamu alirithi mjane mwingine wa ukoo wetu, mwanamke wa rika la mama. Alimhamisha, akamjengea nyumba nzuri ya mabati, kwa maana alikuwa fundi kweli. Kisha ugonjwa ukamlaza, na miaka ya tisini haijaisha akafa. Tulikwenda kumzika, mimi na mama. Kwa hiyo mama alikuwa amefanya busara. Kama angemkubali, labda tungekuwa tunajiandaa kumzika yeye.

Yule mjane alitupokea mlangoni kwake. Alikuwa ameanza kukonda, macho yamekuwa makubwa, lakini alisimama wima na kutushika mikono kwa nguvu. "Karibuni kwangu," alisema. Alitutengea viti, akaingia chumba cha ndani akatoka na chai, akamfukuza kuku wake, akamkemea mjukuu. Mama alikunywa chai polepole akitazama kenchi za paa, jinsi zilivyolingana, kisha sakafu iliyosiribwa kwa samadi ikang'aa. Tuliagana naye na kushika njia ya kwenda barabarani.

"Yule atakufa," mama alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hata mwaka sijui kama atamaliza."

Nilimwambia alifanya vyema kukataa. Nilimwambia kwamba sisi watoto tunamhitaji, na kwamba baba angemsifu. Nilisema mengi, yote ya kweli. Mama alinisikiliza akitembea mbele yangu, gauni lake limeshikwa juu kwa ajili ya umande wa nyasi.

"Lakini atafia kwake," alisema.